"They" ni Nani? Tujifunze Upatanisho wa Kiingereza



Kikundi kimoja cha akina mama wanaolima ufuta kilituletea barua. Barua hiyo ilitoka kwa mnunuzi wao. Hatutataja kijiji wala mnunuzi, maana nia yetu si kumsema mtu. Nia yetu ni kujifunza. Barua iliandikwa kwa Kiingereza, tena ilikuwa fupi. Ilisema hivi:

"The women brought the bags to the store. They were dirty and we did not accept them."

Kijana mmoja wa kidato cha pili ndiye aliyewasomea. Akatafsiri hivi: "Wanawake walileta magunia ghalani. Walikuwa wachafu na hatukuwapokea."

Akina mama walikasirika sana. Mwenyekiti wao akasema, "Sisi tulioga, tukavaa kanga safi, halafu mtu huyu anatuita wachafu! Basi ufuta wetu haupati." Ufuta ukakaa ndani wiki tatu. Bei nayo ikaanza kushuka.

Kumbe mnunuzi hakuwatukana. Alisema magunia ndiyo yaliyokuwa machafu. Alichotaka ni ufuta uletwe katika magunia safi, basi.

Je, kijana alikosea? Alikosea, lakini si kosa la uvivu. Neno "they" la Kiingereza ndilo lililompoteza. Leo tutaeleza jinsi Kiingereza kinavyopatanisha maneno yake. Mtu akijua jambo hili, hata kama hajui Kiingereza kingi, hatapotezwa kwa urahisi na barua, fomu au karatasi ya mkataba.

KISWAHILI HUPATANISHA VIPI?

Tuanze na lugha yetu. Wewe unajua upatanisho tangu utotoni, hata kabla ya kujua kusoma. Husemi "kiti wamevunjika". Unasema "kiti kimevunjika", na vikiwa vingi, "viti vimevunjika". Mbuzi akila mahindi, unasema "amekula". Mbuzi wakiwa wengi, unasema "wamekula". Gunia "limechafuka", magunia "yamechafuka".

Angalia vizuri. Kitenzi chetu hubeba alama mwanzoni mwake. Alama hiyo inatuambia nani au nini kimetenda. Walimu humwita mtendaji huyo kiima. Neno la kutenda wanaliita kitenzi. Basi kiima na kitenzi hupatana.

Kwa sababu hiyo mtu akisema "yamechafuka", hata kama hujasikia mwanzo wa habari, unajua si watu. Wanawake hawawezi kuwa "yamechafuka". Pengine ni magunia, au maji, au mashuka. Akisema "wamechafuka", unajua ni watu au wanyama. Alama ile ndogo ya mwanzo inafanya kazi kubwa sana.

KIINGEREZA NACHO, JE?

Kiingereza nacho hupatanisha kiima na kitenzi. Lakini alama yake ni chache, tena inakaa mwishoni mwa kitenzi, siyo mwanzoni.

Chukua neno "eat", maana yake kula. Tazama:

"I eat" – mimi hula.
"You eat" – wewe hula, au ninyi hula.
"We eat" – sisi hula.
"They eat" – wao hula.
"He eats" – yeye hula (mwanamume).
"She eats" – yeye hula (mwanamke).
"It eats" – hula (mnyama).

Umeona? Kiingereza hapa kinafanana na "hu-" yetu. Sisi tunasema mimi hula, wewe hula, wao hula, wala neno "hula" halibadiliki. Waingereza nao hawabadilishi, isipokuwa mahali pamoja tu. Mtendaji akiwa mmoja, naye si mimi wala wewe, kitenzi kinaongezwa herufi "s". Hiyo ndiyo kanuni yote.

Sasa hapa ndipo watu wengi huchanganyikiwa. Katika majina ya Kiingereza, herufi "s" huonyesha wingi. "Goat" ni mbuzi mmoja, "goats" ni mbuzi wengi. Lakini katika kitenzi, "s" huonyesha umoja! Linganisha:

"The goat eats maize." – Mbuzi hula mahindi.
"The goats eat maize." – Mbuzi (wengi) hula mahindi.

Mara nyingi "s" hiyo ni kama jembe moja katika nyumba ya watu wawili. Akilichukua mmoja, mwingine anabaki mikono mitupu. Jina likiwa na "s", kitenzi hakina. Jina likikosa "s", kitenzi kinayo.

Lakini angalia! Yako majina ya wingi yasiyo na "s". "Children" ni watoto, "women" ni wanawake, "people" ni watu. Hayo ni wingi hata bila "s". Kwa hiyo husemi "The children eats". Unasema "The children eat".

Vitenzi vingine huongezwa "es", kwa mfano "go" huwa "goes", na "wash" huwa "washes". Vingine vyenye "y" mwishoni hubadilika kidogo, kama "carry", yaani kubeba, ambacho huwa "carries". Usiogope. Kazi ni ile ile ya "s".

VITENZI VITATU VYA KUKARIRI

Viko vitenzi vitatu ambavyo huna budi kuvikariri, kwa sababu vinaonekana kila mahali.

Cha kwanza ni kile cha "kuwa". Mimi ni "I am". Yeye ni "he is" au "she is". Kitu kimoja ni "it is". Wewe, sisi na wao, wote ni "are": "you are", "we are", "they are". Kwa wakati uliopita, mimi na yeye ni "was", na wengine wote ni "were".

Cha pili ni cha "kuwa na". Wengine wote ni "have", lakini yeye ni "has". "I have a cow", nina ng'ombe. "She has a cow", yeye ana ng'ombe.

Cha tatu ni "do", ambacho husaidia kukanusha na kuuliza. Wengine wote ni "do", lakini yeye ni "does". Neno "does" hutamkwa "daz". Hapo liko jambo la kuangalia. "Does" ikishachukua "s", kitenzi kinachofuata hakiichukui tena. Unasema "She does not eat", siyo "She does not eats". Jembe ni moja, ndugu yangu.

Tena, maneno kama "can", "may", "must", "shall" na "will" hayabadiliki kabisa, wala kitenzi kinachoyafuata hakibadiliki. "He must pay", yeye lazima alipe. "They must pay", wao lazima walipe. Na kwa wakati uliopita, karibu vitenzi vyote havibadiliki. "He paid", alilipa. "They paid", walilipa. Ni "was" na "were" tu vinavyotengana.

KWA NINI "YOU ARE" HATA KWA MTU MMOJA?

Mwanafunzi mmoja mtu mzima alituuliza, "Kama wewe ni mtu mmoja, mbona husemwi 'you is'?" Swali zuri sana.

Jibu liko katika historia. Zamani Waingereza walikuwa na neno "thou" kwa kumwambia mtu mmoja, na "you" lilikuwa neno la watu wengi. Ilikuwa kama "wewe" na "ninyi" kwetu. Baadaye walianza kumwita mtu mmoja mkubwa "you" kwa heshima. Heshima ikaenea kwa kila mtu, na "thou" likaachwa katika mazungumzo ya kawaida. Lakini "you" lilibaki na kitenzi chake cha wingi, "are". Biblia ya Kiingereza iliyotolewa mwaka 1611 bado ina "thou". Humo utaona pia "he eateth" badala ya "he eats". Alama nyingi za zamani zilikwisha kama mpini wa jembe unavyolika kwa kushikwa. Hii "s" ni kipande kilichobaki.

Kwa kuwa alama zimekwisha, Mwingereza hawezi kuacha kumtaja mtendaji. Sisi tukisema "wanakula", sentensi imekamilika. Mwingereza akisema "eat" peke yake, ametoa amri: kula! Lazima aseme "They eat".

MITEGO MITATU

Mtego wa kwanza ni neno la karibu. Soma hii:

"The price of the bags is high." – Bei ya magunia ni kubwa.

Neno lililo karibu na kitenzi ni "bags", na ni la wingi. Lakini kilicho kikubwa siyo magunia. Ni bei. Bei ni moja, kwa hiyo ni "is". Hata sisi tunasema "bei ya magunia imepanda", hatusemi "bei ya magunia yamepanda". Ukikutana na sentensi ndefu, jiulize: ni nini hasa kinachosemwa hapa?

Mtego wa pili ni vitu visivyohesabika. Kwetu, maji, maziwa, mafuta na mahindi huenda kama wingi. Tunasema "maji yamekwisha", "maziwa yameharibika". Kwa Kiingereza vitu hivyo ni umoja. "The water is clean", maji ni safi. "The milk is fresh". "The oil is finished". "The maize grows well", mahindi yanakua vizuri. Lakini maharage, "beans", ni wingi: "The beans are dry". Na "news", yaani habari, ina "s" lakini ni umoja: "The news is good".

Mtego wa tatu unahusu fedha, kwa hiyo sikiliza vizuri. Neno "each" maana yake ni kila mmoja, na "every" maana yake ni kila. Yote mawili huchukua kitenzi cha umoja. Tuseme kikundi kina wanachama 20. Karatasi ikisema:

"Each member pays 5,000 shillings."

Basi kila mwanachama analipa shilingi 5,000. Jumla ni shilingi 100,000. Lakini karatasi ikisema:

"The members pay 5,000 shillings."

Hapa hatuna hakika. Labda ni kila mmoja 5,000. Labda ni wote pamoja 5,000, yaani shilingi 250 kila mtu. Tofauti hiyo siyo ndogo! Ukiona maneno kama haya, usitie sahihi wala dole gumba. Uliza kwanza, na jibu liandikwe.

"HE", "SHE", "IT" NA "THEY"

Sasa tufike kwenye maneno madogo yanayosimama badala ya majina. Walimu huyaita viwakilishi.

Sisi tuna "yeye" kwa mwanamume na mwanamke. Waingereza hutenganisha. Mwanamume ni "he", mwanamke ni "she", na kitu ni "it". Wakati mwingine kutenganisha huko kunasaidia. Sisi tukisema, "Juma alimwambia Asha kwamba amechaguliwa," hatujui nani amechaguliwa. Kwa Kiingereza, "he" ingemaanisha Juma na "she" ingemaanisha Asha. Hapo Kiingereza kimetushinda.

Lakini wakiwa wengi, Kiingereza kina neno moja tu: "they". Watu ni "they". Mbuzi ni "they". Magunia ni "they". Majembe ni "they". Hapo sisi ndio tumewashinda. Kiswahili kingesema "walikuwa wachafu" au "yalikuwa machafu", na ugomvi wa ufuta usingetokea.

Liko jambo jingine la kuangalia, nalo ni mali. Kwetu, neno la umiliki hufuata kitu: kitabu chake, vitabu vyake, ng'ombe wake. Kwa Kiingereza, neno la umiliki hufuata mwenye mali. Mwenye mali akiwa mwanamume ni "his". Akiwa mwanamke ni "her". Wakiwa wengi ni "their". "Her farm" ni shamba lake, na mwenye shamba ni mwanamke. Kwa hiyo kama wewe ni mwanamke na karatasi ya shamba lako imeandikwa "his farm", simama hapo. Uliza, "Huyu mwanamume ni nani?" Pengine ni kosa la mwandishi tu. Pengine siyo.

JE, "HE" KATIKA SHERIA HUWAACHA WANAWAKE?

Akina mama wengi wanaweza kuuliza hivi: sheria iliyoandikwa kwa Kiingereza ikisema "he shall", mimi nimo au simo?

Umo, mama. Katika mwaka 1850 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria iliyosema kwamba, katika sheria zake, maneno ya kiume yanahusu na wanawake pia, isipokuwa sheria yenyewe iseme vingine. Nchi nyingi zilizotawaliwa na Waingereza zilichukua desturi hiyo. Tanzania nayo ina Sheria ya Tafsiri ya Sheria, Sura ya 1, yenye kanuni kama hiyo. Kwa hiyo mtu akikuambia, "Hapa imeandikwa 'he', wewe mwanamke haikuhusu," mjibu kwamba sivyo sheria isomwavyo.

Lakini kumbuka, hiyo ni kanuni ya kusomea sheria. Karatasi ya shamba au mkataba unaomtaja mtu fulani kwa jina lake ni jambo jingine. Humo neno sahihi liandikwe.

Siku hizi waandishi wengi wa Kiingereza huandika "he or she", au hutumia "they" hata kwa mtu mmoja asiyejulikana kama ni mke au mume. Mfano: "If a member is sick, they must tell the chairperson." Hapo "they" ni mwanachama yeyote mmoja aliye mgonjwa. Jambo hili siyo geni. Limeonekana katika maandishi ya Kiingereza kwa zaidi ya miaka 600. Ila ujue kwamba "they" huyo wa mtu mmoja bado huenda na "are", siyo "is", kama "you" tulivyokwisha ona.

NJIA YA PENSELI

Basi, ukipata barua ya Kiingereza ufanye nini? Fanya hivi.

Kwanza, zungushia penseli kila "he", "she", "it", "they", "him", "her" na "them".

Pili, kwa kila neno ulilozungushia, uliza: nani? au nini? Rudi nyuma katika barua utafute jina. Chora mstari toka neno hilo mpaka kwenye jina.

Tatu, tazama kitenzi. Kina "s"? Ni "is" au "are"? Ni "has" au "have"? Hapo utajua kama ni mmoja au wengi.

Nne, mstari wako ukiweza kwenda kwenye majina mawili, simama. Hapo barua haieleweki, wala kosa siyo lako. Mwulize aliyeandika.

Katika barua ya ufuta, "they" ingeweza kwenda kwa "women" au kwa "bags". Kitenzi "were" hakisaidii, maana vyote viwili ni wingi. Mwandishi angeandika "The bags were dirty", mambo yangekuwa sawa. Ni neno moja tu!

Akina mama wale tuliwashauri wamwandikie mnunuzi barua kwa Kiswahili, wamwulize, "Ni nani au ni nini kilikuwa kichafu?" Akajibu kwa Kiswahili, "Magunia yalikuwa machafu. Ninyi karibuni sana." Wakafua magunia, wakayaanika, wakauza. Lakini wiki tatu zile zilikwisha kupita, na kila kilo waliuza kwa bei ya chini kuliko ile ya mwanzo. Yule kijana wa kidato cha pili naye alikuja kuomba radhi. Mwenyekiti akamwambia, "Mwanangu, usiache kutusomea. Ila siku nyingine uulize kwanza."

Nasi tunasema vivyo hivyo. Tena usione aibu kumwomba mtu akuandikie kwa Kiswahili. Mwaka 2021 sheria ilibadilishwa nchini Tanzania, Kiswahili kikawekwa kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Ikiwa mahakama hutumia lugha yetu, mnunuzi wa ufuta atashindwaje?

JARIBU MWENYEWE

Andika katika daftari lako. Chagua neno linalofaa.

1. The hen (eat / eats) maize.
2. The children (go / goes) to school.
3. The water (is / are) cold.
4. The price of the hoes (is / are) high.
5. Each woman (have / has) a farm.
6. She does not (pay / pays).

Swali la 7: "The men carried the beans. They were wet." Waliolowa ni wanaume au maharage?

Majibu: 1. eats. 2. go. 3. is. 4. is. 5. has. 6. pay. 7. Haijulikani. Mwulize aliyeandika.

Ukipata yote, umefanya vizuri sana. Ukikosa, soma tena polepole, au mkae wawili watatu mkasome pamoja. Elimu haina mwisho.